Kufunga kwa Macho: Pazia la Kwarezima na Kikapu cha Bwami

Jumamosi mbele ya Dominika ya tano ya Kwarezima, katekista mmoja wa hapa Kavumu alikuwa juu ya ngazi, akifunika msalaba mkubwa wa kanisa kwa kitambaa cha zambarau. Vijana wawili walimshikia ngazi. Mmoja wao akatuuliza: «Padri, mwaka mzima mnatuambia tutazame msalaba kusudi tukumbuke mateso ya Bwana. Sasa siku za mateso zimekaribia, nanyi mnauficha. Namna gani?» Katekista akanyamaza, akatutazama sisi. Tulimjibu kijana kwa maneno machache, kwamba ni desturi ya zamani na kwamba Kanisa laruhusu. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikumshibisha yeye, wala sisi wenyewe.

Tangu siku ile tumetafuta jibu lililo bora. Tulianza kulitafuta katika historia ya Kanisa. Kisha, bila kutazamia, tukalikuta pia karibu nasi, katika misitu ya Balega. Neno tunalotaka kuonyesha ni hili: kuyanyima macho chakula chao kwa muda, kwa kusudi na kwa utaratibu, si kuwa adui wa sanamu. Ni njia ya zamani ya kufundisha watu kuona, tena yabadili hata kazi ya fundi anayechonga au kuchora. Lakini kuna kunyima kunakofundisha, na kuna kunyima kunakoua. Asiyepambanua mambo hayo mawili ataharibu mengi akidhani anajenga. Na sisi watu wa Kanisa, lazima tuungame, tumekwisha kuharibu.

I. Mapazia ya Kanisa

Katika karne ya 11 Lanfranc, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, aliwaandikia wamonaki wake kanuni za maisha yao. Humo aliagiza kwamba mwanzo wa Kwarezima pazia litundikwe kati ya altare na kwaya, na misalaba na sanamu zifunikwe. Desturi hiyo ilienea pahali pengi katika Ulaya. Waamini walisikia sauti ya padri, lakini altare hawakuiona. Katika makanisa mengi, Jumatano ya Juma Takatifu yalisomwa Mateso ya Bwana kwa Injili ya Luka. Msomaji alipofikia neno la pazia la hekalu kupasuka, pazia lile la Kwarezima likaangushwa chini kwa ghafula. Tuwaze mioyo ya watu wale: majuma mengi wameona kitambaa tu, na sasa, katika dakika ile ile ya kifo cha Bwana, altare yafunuliwa mbele yao. Hakuna hotuba iliyoweza kufanya kazi hiyo.

Sasa tazameni jinsi mfungo huo ulivyobadili kazi ya mafundi. Kwanza, pazia lenyewe likawa pahali pa kuchora. Katika Kanisa kuu la Gurk, nchini Austria, lingaliko pazia la mwaka wa 1458, kazi ya Konrad von Friesach: kitambaa cha karibu metre 9 kila upande, chenye picha 99 za Agano la Kale na Agano Jipya. Katika mji wa Zittau, nchini Ujerumani, liko jingine la mwaka wa 1472 lenye picha 90. Hilo lilipata mateso yake. Mwaka wa 1945 askari walilikata vipande ili kuzungushia chumba chao cha kuogea kwa mvuke. Nyuma ya miaka mingi likatengenezwa tena, na tangu mwaka wa 1999 latazamwa na watu. Basi kitambaa kilichowekwa ili kuzuia macho kilifundisha maskini wasiojua kusoma.

Pili, mafundi walijifunza kufunga rangi zenyewe. Yapata mwaka wa 1375, kwa ajili ya Mfalme Karoli wa tano wa Ufaransa, fundi mmoja alichora Mateso ya Bwana juu ya hariri kwa wino mweusi tu, bila nyekundu wala dhahabu, kusudi kitambaa hicho kipambe altare wakati wa Kwarezima. Chatunzwa leo mjini Paris. Na katika mji wa Gent, nchini Ubelgiji, picha kubwa ya altare iliyomalizwa na Jan van Eyck mwaka wa 1432 ina milango. Ikifungwa, mtu aona Yohane wawili, Mbatizaji na Mwinjili, wamechorwa kwa rangi ya kijivu kama sanamu za mawe. Ikifunguliwa, aona Mwanakondoo kati ya majani mabichi na mavazi yanayong'aa. Fundi alijua kwamba rangi iliyongojewa ina nguvu kuliko rangi iliyozoewa.

Mambo ya masikio yalikuwa vivyo hivyo. Tangu Gloria ya Alhamisi Kuu hadi Kesha la Pasaka kengele zanyamaza, na kibao cha mti chagongwa pahali pake. Kinanda nacho chazuiwa. Katika sala za usiku za Juma Takatifu mishumaa 15 ilizimwa mmoja mmoja, mpaka watu wakabaki karibu na giza. Watunzi wa nyimbo waliandika kwa ajili ya ukimya huo na giza hilo. Kitabu cha nyimbo za Juma Takatifu cha padri Muhispania Tomás Luis de Victoria, kilichopigwa chapa Roma mwaka wa 1585, ni kazi ya sauti za watu peke yake; nao waimbaji wa leo wangali wakiziimba.

Kitabu cha Misa cha mwaka wa 2002 chasema kwamba desturi ya kufunika misalaba na sanamu tangu Dominika ya tano ya Kwarezima yaweza kushikwa, ikiwa Baraza la Maaskofu limeamua hivyo. Misalaba yabaki imefunikwa hadi mwisho wa ibada ya Ijumaa Kuu, na sanamu hadi mwanzo wa Kesha la Pasaka. Kanisa basi halikuitupa hekima hiyo.

II. Siri ya wakatekumeni

Wasomaji wetu makatekista wataelewa zaidi tukiwakumbusha jambo la karne ya 4. Wakatekumeni wa wakati ule walisikiliza masomo na mahubiri, kisha wakaagwa waende zao mbele ya Ekaristi. Imani ya Mitume na Baba Yetu walipewa mwishoni tu, ubatizo ulipokaribia. Katika Yerusalemu, mafundisho juu ya Ubatizo, Krisma na Ekaristi yalitolewa nyuma ya Pasaka, kwa watu waliokwisha kuingia majini, kupakwa mafuta na kula Mwili wa Bwana. Mafundisho hayo yamefika kwetu kwa jina la Mtakatifu Sirili. Alisema waziwazi kwamba alingoja kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyeona husadiki vizuri kuliko mtu aliyesikia tu.

Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliifufua desturi hiyo kwa ajili ya misioni za Afrika. Aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, wenye madaraja, na mafunuo ya siri za imani yaliyotolewa kidogo kidogo. Babu zetu wengi waliingia Kanisani kwa mlango huo. Walipewa medali mbele ya msalaba, neno mbele ya sakramenti, nao walingoja. Watu wengi wanasema hata leo kwamba wakristu wale wa kwanza walikuwa imara.

Tuishike habari hiyo, maana yatubidi kuikumbuka tukifika kwa Balega.

III. Kikapu cha Bwami

Sisi watu wa Bushi tukisikia neno bwami twafikiri ufalme, kiti cha mwami. Kwa Balega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, neno hilo lina maana nyingine. Bwami yao ni chama cha madaraja, cha wanaume na wake zao, kinachomwongoza mtu tangu ujana hadi uzee katika njia ya hekima na adabu. Madaraja ya wanaume ni Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio na Kindi. Lililo juu la wanawake laitwa Bunyamwa. Lengo lake ni busoga. Tuangalie neno hilo vizuri: kwa Kilega lasema wema na uzuri pamoja, bila kuvitenga.

Katika kila daraja mwanafunzi aonyeshwa vitu. Vingine ni vya porini tu: magamba, mafuvu ya wanyama, manyoya, mbegu. Vingine vimechongwa kwa mti, mfupa au pembe ya tembo: sanamu ndogo za watu na wanyama, vijiko, na nyuso. Balega waviita masengo, vitu vizito. Havikai juu ya ukuta wala juu ya meza. Vyakaa ndani ya mfuko au kikapu, gizani, mwezi kwa mwezi. Mtu asiyeingia hana ruhusa ya kuvitazama. Hata mwenye daraja la chini haonyeshwi vya daraja la juu. Siku yao ikifika, vyapakwa mafuta, vyatolewa, vyaonyeshwa katika mchezo na wimbo, na kila kimoja chaambatana na methali yake. Kisha vyarudi kikapuni.

Mfano mmoja wajulikana sana. Kuna sanamu yenye vichwa au nyuso nyingi, jina lake Sakimatwematwe. Mgeni akiiona atadhani ni jini au mungu wa kuogopwa. Sivyo. Neno linaloimbwa nayo lasimulia habari za yule aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Maana yake ni mzee mwenye hekima, atazamaye pande zote mbele ya kuhukumu. Bila neno lile, sanamu ni kipande cha mti chenye vichwa vingi. Pamoja na neno lile, ni mahubiri mazima juu ya uamuzi wa haki.

Hapa nasi twaona mkono wa fundi ukibadilishwa. Kazi nyingi za Balega ni ndogo, zatosha kushikwa kiganjani. Uso mara nyingi una umbo la moyo, macho ni mapasuko mawili, pua ni mstari. Hazikufanyiwa mtu anayesimama mbali na kutazama tu. Zilifanywa kwa kusuguliwa kwa vidole, kwa kupitishwa toka baba hadi mwana, kwa kuonekana dakika chache katika wimbo. Mafuta na mikono ya watu wengi zimezipa rangi ile ya asali ambayo Wazungu waisifu. Hata nyuso ndogo za mti za daraja la Yananio, ziitwazo lukwakongo, zilizopakwa udongo mweupe na kutiwa ndevu za nyuzi, hazivaliwi usoni kwa kawaida. Zashikwa mkononi, zafungwa upande wa kichwa, zatundikwa juu ya ua, zaburutwa kwa ndevu zao. Umbo ni lile lile. Neno na tendo ndivyo vinavyoleta maana. Ndiyo sababu fundi hakuhitaji kueleza yote kwa kisu chake. Aliwaachia masikio sehemu yao.

IV. Kunyima kunakoua

Wakoloni waliona mlango uliofungwa, wakadhani nyuma yake kuna uovu. Mwaka wa 1948 Leta ilikataza Bwami. Wamisionari wengi walikuwa na mawazo hayo hayo. Watu walihimizwa kuvitoa vitu vile. Vingine vilichomwa, vingine vilinunuliwa kwa bei ndogo na kuvuka bahari. Hatusemi kwamba Bwami ilikuwa safi kabisa. Kupanda madaraja kulidai mali nyingi, na siri yaweza kuwa kiti cha kiburi. Bwana wetu alitaka linenwalo gizani litangazwe juu ya mapaa ya nyumba; wokovu hauuzwi kwa daraja. Lakini tushangae jambo moja: Kanisa lililowafundisha babu zetu kungoja miaka minne mlangoni halikutambua watu wengine waliojua nao kungoja. Tulikuwa na pazia letu, tukalilaani pazia la jirani.

Siyo mbali na hapa Kavumu, pale Lwiro, Leta ya Wabelgiji ilijenga makao ya IRSAC, chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka wa 1947. Mtafiti mmoja wa IRSAC, Mubelgiji Daniel Biebuyck, aliishi kati ya Balega katika miaka ya 1950, wakati Bwami ilipokuwa katika shida hiyo. Alikaa na wazee, akasikiliza methali zao, akaandika kila kitu pamoja na neno lake. Kitabu chake kikubwa kilitoka California mwaka wa 1973. Alionyesha kwamba mtu hawezi kujua maana ya sanamu ya Balega kwa kutazama umbo lake peke yake. Neno hilo latuhukumu sisi sote tuliozitazama tu.

Maana katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani vitu hivyo vimewekwa leo ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa, mchana kutwa. Mtu atasema kwamba sasa hakuna kilichofichwa. Twajibu kwamba kinyume chake ndicho kweli. Wimbo umenyimwa, mkono umenyimwa, mafuta yamenyimwa, mzee wa kufundisha hayuko. Macho yashiba na viungo vingine vyote vinakufa njaa. Huo nao ni mfungo, lakini mfungo usio na Pasaka.

Tuungame pia kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulileta darasani picha za masengo tulizozitoa katika kitabu, tukazitandika juu ya meza kusudi kila mtu azione. Muzee mmoja Mulega, mkristu wa siku nyingi, aliyehamia huku kutoka upande wa Mwenga, alikuwa amepita kutusalimu. Baba yake alikuwa mtu wa Bwami. Alizitazama kidogo, akachukua ile iliyokuwa karibu naye, akaigeuza kifudifudi kwa upole, kama mtu anayefunika uso wa maiti. Hakukasirika. Alisema tu kwamba picha ile haina mdomo. Tulimwomba atuambie neno lake. Akacheka, akauliza kama sisi tungempa Ekaristi mtoto apitaye njiani kwa sababu ameomba vizuri. Tuliziokota picha zetu kwa aibu.

V. Namna ya kupambanua

Wataalamu wa siku hizi wamejaribu mambo haya kwa njia zao. Mwaka wa 1954 wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montréal, walitoa habari za wanafunzi waliolipwa dola 20 kwa siku ili walale tu katika chumba kidogo, macho yamevikwa miwani inayopitisha mwanga bila umbo, mikono imefunikwa, masikio hayapati ila mngurumo mmoja. Wengi hawakuvumilia siku nyingi. Wengine walianza kuona maumbo yasiyokuwako. Baadaye, katika miaka ya 1968 na 1969, mafundi wawili wa Los Angeles, Robert Irwin na James Turrell, pamoja na mtaalamu wa akili Edward Wortz, walikaa katika chumba cha chuo kikuu kisicho na mwanga wala mwangwi, wakichungua jinsi kuona na kusikia kunavyogeuka mtu akitoka humo. Turrell aliendelea kutengeneza vyumba ambamo hakuna sanamu wala picha, mwanga tu. Ni ajabu kwetu kusikia kwamba wenye umeme na picha nyingi kuliko watu wote wanatafuta giza ili wajifunze kuona.

Tukiweka pamoja mapazia ya Ulaya, kikapu cha Balega na vyumba hivyo, twapata alama tatu za kupambanua. Kwanza, mfungo wa macho una mwisho unaojulikana. Chumba kile cha Montréal kiliwachosha watu kwa kuwa siku zilipita bila tumaini la lolote. Pazia la Gurk lina siku yake ya kushuka. Pili, kiungo kimoja kikinyimwa, kingine kipewe chakula. Macho yakifungwa, masikio yalishwe neno: ndivyo yalivyofanya masomo ya Kwarezima, ndivyo zilivyofanya methali za Bwami. Tatu, awepo mtu wa kufunua. Pazia lisilo na katekista ni kitambaa tu, na kikapu kisicho na mzee ni mzigo.

Si Injili yenyewe yatufundisha hivyo? Wale wawili wa Emau macho yao yalizuiwa njiani. Walisikia kwanza Maandiko yakielezwa, mioyo ikawaka. Kisha mkate ukamegwa, wakamtambua. Na mara ile akatoweka mbele yao. Kusikia, kuona, na tena kutoona: lakini wao walirudi Yerusalemu usiku ule ule, wakiwa watu wengine.

Ninyi ndugu seminaristi, mtatumwa katika parokia ambamo kila kijana ana simu mkononi na picha mia kwa siku. Msidhani mtawashinda wengine kwa kuongeza picha kanisani. Jifunzeni kufunika, na jifunzeni kueleza. Na mkikuta kwa wazee wa nchi yenu desturi ya kungoja, msiiite giza mbele ya kuuliza inangoja nini.

Tumrudie kijana wa ngazi. Ijumaa Kuu mwaka ule, msalaba ulifunuliwa kwa hatua tatu, kama rubrika zinavyoruhusu: kwanza juu, kisha mkono wa kuume, kisha mwili wote. Alikuja kubusu kama watu wengine. Nyuma ya ibada alitufuata sakristiani, akatuambia kwamba Kristu wa msalaba wetu amevunjika kidole kimoja cha mguu, akauliza ni lini. Tulikwenda kutazama. Ilikuwa kweli, na mvunjiko ule ulikuwa wa zamani, umejaa vumbi. Yeye alibatizwa chini ya msalaba ule, nasi tumesoma Misa mbele yake miaka mingi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekiona.